Usukani Unapotetemeka



Pengine wewe huna gari. Hata hivyo unapanda gari. Unapeleka mahindi mnadani. Unampeleka mtoto hospitali ya wilaya. Pengine umo katika kamati ya chama cha ushirika, na chama kina pikapu moja. Basi habari hii inakuhusu.

Tuseme umekaa mbele, karibu na dereva. Gari limetoka kijijini kwa njia ya udongo, sasa limefika barabara ya lami. Dereva anaongeza mwendo. Mara mikono yake inaanza kutikisika. Unatazama usukani. Unatetemeka kama ungo wa mtu anayepepeta mchele. Unamwuliza, "Vipi, ndugu dereva?" Naye anakujibu, "Aa, gari hili ndiyo tabia yake. Tumeshalizoea."

Jibu hilo ni baya kuliko ugonjwa wenyewe. Gari halina tabia. Gari ni chuma na mpira. Likitetemeka, ipo sababu. Mara nyingine sababu ni tope lililokauka ndani ya gurudumu, na dawa yake ni maji na kijiti. Mara nyingine sababu ni nati zilizolegea, na gurudumu liko karibu kuchomoka. Mikononi mwa dereva mambo hayo mawili huweza kufanana. Mtu aliyezoea hawezi kuyatofautisha.

Kwanza tazama nati

Ikiwa mtikisiko umeanza leo, na jana haukuwapo, mwambie dereva asimamishe gari pembeni, mahali tambarare. Asingoje kufika mjini. Shukeni mtazame nati za magurudumu yote.

Nati iliyolegea huacha alama. Utaona mstari wa kutu umetiririka kutoka kwenye nati. Au utaona chuma kinang'aa kuizunguka nati, kwa sababu kimesuguliwa. Lakini usitegemee macho peke yake. Shika spana, ujaribu kila nati.

Kukaza nati kuna utaratibu wake. Usikaze moja, kisha jirani yake, kisha jirani wa huyo. Ukifanya hivyo gurudumu huketi upande. Kaza moja, halafu ruka uende ile iliyo upande wa pili. Gurudumu likiwa na nati tano, mkono wako utachora nyota. Zungukeni hivyo mara mbili au tatu, mkiongeza nguvu kidogo kidogo.

Nguvu kiasi gani? Kitabu cha gari lako kinasema. Magari madogo mengi huhitaji nguvu kama hii: spana yenye urefu wa nusu mita, nawe unavuta mwisho wake kama unayeinua mzigo wa kilo 20. Pikapu na malori huhitaji zaidi. Nimeona vijana wakipanda juu ya spana na kurukaruka. Wanadhani wanaikomoa nati. Wanaivuta bolti mpaka inakonda, na siku moja inakatika.

Ikiwa tundu la ringi limepanuka na kuwa na umbo la yai, kukaza hakufai tena. Ringi hiyo haifai. Vaeni gurudumu la akiba. Tena, kila gurudumu linapofunguliwa, kwa pancha au kwa kazi nyingine, nati zikazwe upya baada ya kwenda kilomita 50 hadi 100. Chuma kilichofungwa leo hujipanga kidogo njiani, na nati hulegea.

Halafu tazama tairi

Nati zikiwa nzima, inama utazame tairi lenyewe. Pitisha kiganja polepole juu ya mpira, upande wa nje na upande wa ndani. Chunga nyuzi za chuma zisikuchome. Unatafuta uvimbe.

Ndani ya tairi mna nyuzi, kama zilivyo nyuzi ndani ya kitambaa. Gari likijipiga kwenye shimo au jiwe, nyuzi huweza kukatika. Upepo husukuma mpira pale palipodhoofika, na tairi huvimba. Gari lenye tairi la namna hiyo huchechemea. Hata likienda polepole, kilomita 30 tu kwa saa, usukani huyumba kushoto na kulia, kushoto na kulia, kama mtu mwenye mwiba mguuni.

Tairi hilo litapasuka. Hakuna anayejua saa. Livuliwe hapo hapo.

Ukiwa umeinama, soma. Maandishi ya ubavuni mwa tairi si mapambo. Tafuta herufi DOT. Mwisho wa mstari huo, ndani ya duara dogo la yai, zipo tarakimu nne. Zikiwa 2319, maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Hiyo ndiyo siku ya kuzaliwa ya tairi. Tarakimu hizo huandikwa ubavu mmoja tu, kwa hiyo huenda ukalazimika kutazama kwa ndani. Muuza matairi akikuambia, "Hili ni jipya kabisa," wewe soma kwanza. Mpira huzeeka hata ukilala dukani.

Unatetemeka wakati gani?

Nati ni nzima, tairi halina uvimbe, na usukani bado unatetemeka. Sasa kuna nafasi ya kufikiri.

Chukua daftari. Wewe uliyekaa mbele, uwe mwandishi, dereva aangalie njia. Andika mshale unaonyesha kilomita ngapi mtikisiko unapoanza. Andika kama unaongezeka au unakoma mwendo ukizidi. Andika kama huja dereva anapokanyaga breki tu. Andika unausikia wapi: katika usukani, au chini yako katika kiti. Magurudumu ya mbele husema kwa usukani. Ya nyuma husema kwa kiti na sakafu.

Karatasi hiyo moja itaokoa fedha. Fundi asiyeambiwa kitu hubahatisha. Hubadilisha kifaa hiki, kisha kile, na kila kifaa mnakilipia ninyi.

Jaribio la baiskeli

Ugonjwa ulio wa kawaida kuliko yote ni huu: usukani umetulia mpaka kilomita 80 hivi kwa saa. Kati ya 80 na 110 unatetemeka upesi upesi. Pengine ukizidi hapo unapungua. Hapo gurudumu la mbele limekosa mizani. Upande mmoja ni mzito kuliko mwingine.

Unaweza kuliona jambo hili nyumbani kwako. Pindua baiskeli, isimame kwa kiti na usukani wake. Chukua nati kubwa, uifunge kwa waya imara kwenye njiti moja ya gurudumu la nyuma, karibu na ringi. Isukume kidogo. Gurudumu litazunguka, litasita, litarudi, na mwisho nati itakuwa chini. Upande mzito umeshuka.

Sasa mwenzako aishike baiskeli, watoto wakae mbali. Zungusha pedali kwa mkono, polepole. Hakuna kitu. Zungusha upesi. Baiskeli itaanza kurukaruka mikononi mwa mwenzako. Nati haijaongezeka uzito. Kilichoongezeka ni mwendo. Kila kitu kinachozungushwa hutaka kutoroka kwenda nje, kama jiwe ndani ya kombeo. Na mwendo ukizidi mara mbili, nguvu ya kutoroka huzidi mara nne.

Katika gari ni vivyo hivyo. Tuseme upande mmoja wa ringi umezidi gramu 30 tu. Gari likienda kilomita 50 kwa saa, gramu hizo huvuta kama uzito wa kilo moja. Dereva hasikii. Likienda kilomita 100 kwa saa, huvuta kama kilo nne na zaidi. Na gurudumu la gari dogo wakati huo linazunguka kama mara 13 kwa kila sekunde. Kwa hiyo usukani unavutwa mara 13 kabla hujamaliza kusema "moja". Ndiyo sababu gari lilikuwa kimya kwenye njia ya kijiji, likaanza kelele lilipofika lami. Ugonjwa ulikuwapo kijijini. Mwendo ndio uliouonyesha.

Tope

Gramu 30 zinatoka wapi? Wakati wa masika, mara nyingi zinatoka shambani kwako.

Gari likipita kwenye udongo mweusi wa mbuga, tope huingia ndani ya ringi, upande usioonekana. Gari likilala usiku, tope hushuka na kukaa chini. Asubuhi limekauka, limeshika kama saruji. Si gramu 30 tena. Huweza kuwa nusu kilo. Dereva huosha gari, nje linang'aa, ndani ya ringi tope liko pale pale. Kisha huenda kwa fundi kulalamika.

Kwa hiyo kabla ya kutoa shilingi moja, lala kando ya gari lililosimama na kuzimwa. Ingiza mkono nyuma ya gurudumu. Kwangua tope lote kwa kijiti, mwaga maji, pitisha brashi. Fanya magurudumu yote manne. Halafu mwende tena lami mkajaribu.

Tope likiwa halipo, tazama ukingo wa ringi. Utaona vipande vidogo vya risasi au chuma vimebanwa au kugandishwa. Ndizo gramu za mizani. Mashine ya fundi ndiyo iliyosema ziwekwe wapi. Jiwe la njiani likiking'oa kipande kimoja, mizani imepotea. Ukiona mahali pasafi penye alama ya kipande kilichokuwapo, umepata jibu.

Tazama pia kama ringi imepinda. Nyanyua gurudumu kwa jeki, shika kijiti karibu na ukingo wa ringi bila kukigusa, mwenzako azungushe gurudumu. Nafasi kati ya kijiti na ringi ikipanuka na kufinyika, ringi imepinda. Vipande vya mizani haviwezi kuinyoosha.

Hamisha magurudumu

Mashine ya mizani iko mjini. Hata hivyo, hapo kijijini unaweza kujua kama ugonjwa uko katika magurudumu au mahali pengine. Unahitaji jeki na spana tu. Matairi yote yakiwa ya ukubwa mmoja, peleka magurudumu mawili ya mbele nyuma, na ya nyuma mbele. Kisha mwende barabara ile ile, kwa mwendo ule ule.

Usukani ukitulia na kiti kikaanza kutikisika, ugonjwa umehama pamoja na magurudumu. Hapo mpeleke fundi magurudumu, hata bila gari. Akiyapima kwenye mashine, aseme ni gramu ngapi na aziweke, ndani na nje ya ringi. Usukani ukiendelea vile vile kana kwamba hukuhamisha kitu, basi magurudumu hayana kosa. Kosa liko katika breki au katika vifundo.

Neno moja kuhusu mjini. Utakuta mabango mawili: balansi na alaimenti. Watu wengi hudhani ni kitu kimoja. Balansi ni kusawazisha uzito wa gurudumu. Alaimenti ni kuelekeza magurudumu yatazame mbele sawasawa. Gari lenye alaimenti mbaya huvuta upande, au hula mpira upande mmoja. Kwa kawaida halitetemeki. Ukienda na usukani unaotetemeka, ukauziwa alaimenti peke yake, utarudi nyumbani na karatasi ya malipo na mtikisiko wako.

Breki zilizoungua

Usukani mwingine umetulia kwa mwendo wote. Dereva akikanyaga breki, unatetemeka. Akiachia, unanyamaza. Hapo acha matairi, tazama breki.

Magari mengi ya sasa yana sahani ya chuma nyuma ya gurudumu la mbele. Inaitwa diski. Pedi mbili huibana diski hiyo, na gari husimama. Diski inapaswa kuwa na unene mmoja pote. Ikiwa nene hapa na nyembamba pale, pedi husukumwa na kuachiwa kila mzunguko. Tofauti isiyofikia unene wa unywele mmoja huweza kuhisiwa mkononi.

Nini huharibu diski? Mara nyingi ni moto. Chukua mteremko wa Kitonga, katika barabara ya Iringa kwenda Morogoro. Dereva mwerevu hushuka kwa gia nzito, injini ikilishika gari, na breki hugusa kidogo tu. Mwingine hushuka mguu ukiwa juu ya breki kutoka juu mpaka chini. Akifika bondeni diski zinawaka. Kisha anaona maji, anasema aoshe gari. Chuma cha moto kikimwagiwa maji ya baridi hujikunja au hupasuka. Dawa ni kuacha breki zipoe zenyewe. Pia ule ukazaji wa nati wa kufuatana, tuliousema mwanzo, huweza kuipinda diski.

Fundi mwenye mashine anaweza kuichonga diski iwe sawa. Lakini kila diski ina unene wa mwisho, na mara nyingi umeandikwa juu yake kwa milimeta. Ukipita hapo, nunua mpya, na ununue mbili, kushoto na kulia.

Usichanganye jambo hili na lingine. Magari mengi ya siku hizi yana mtambo wa kuzuia magurudumu yasikwame. Dereva akifunga breki za ghafla, pedali humpiga mguuni upesi upesi. Huo si ugonjwa.

Vifundo

Kati ya usukani na magurudumu kuna vyuma na vifundo, kama bega, kiwiko na kifundo cha mkono. Mafundi huviita tairodi na boljointi. Ndani mna gololi iliyokaa katika kikombe chenye grisi. Juu pana kofia ya mpira. Kofia ikipasuka, vumbi na maji huingia, na gololi husagika. Katika njia zetu za vumbi kofia hizo zitazamwe kila gari linapotiwa oili.

Kifundo kilicholika huongeza mtikisiko mdogo ukawa mkubwa. Kikilika mno, huchomoka. Kikichomoka, dereva anazungusha usukani, gurudumu halimsikii. Kwa hiyo usikipime kwa maneno, kipime kwa mikono.

Zima injini. Weka gia na breki ya mkono. Ziba gurudumu la nyuma kwa mawe, mbele na nyuma yake. Nyanyua upande mmoja wa mbele kwa jeki, kisha sukuma gogo nene chini ya chesisi. Usitumie tofali la saruji, hupasuka bila taarifa. Wala usiingize mwili chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Jeki huteleza.

Sasa shika gurudumu kushoto na kulia kwake. Mkono huu usukume, ule uvute, kisha kinyume chake. Ukisikia linacheza, "tok, tok," tairodi inashukiwa. Mwenzako atazame kwa mbali ni kifundo gani kinachotikisika. Halafu shika juu na chini. Likicheza hapo, ni beringi au boljointi. Ili kuzitenga, mtu mmoja akanyage breki. Mchezo ukipotea, beringi imelegea. Mchezo ukibaki, ni boljointi.

Tairodi inayocheza haingoji mavuno. Gari lisipakie watu mpaka ibadilishwe. Kamati isione haya kuandika hivyo katika daftari la chama na kuweka sahihi.

Gari linaloingia wazimu

Land Rover Defender za zamani, ambazo kiwanda kiliacha kuzitengeneza mwaka 2016, na Land Cruiser nyingi za kazi, zina ekseli nzima mbele, kutoka gurudumu hadi gurudumu. Kwa hizo kuna mtikisiko wa namna yake. Gari linakwenda kilomita 60 au 70, linapiga shimo dogo, na ghafla usukani unapigwa kushoto na kulia kwa nguvu ya kutisha. Pua yote ya gari inatikisika.

Dereva asikanyage breki kwa kishindo. Aondoe mguu kwenye mafuta, ashike usukani kwa mikono miwili, dole gumba likiwa nje ya duara lisije likavunjwa. Asishindane nao. Mwendo ukishuka, wazimu utaisha.

Sababu ni vifundo, bushi au beringi zilizolegea, mara nyingi zaidi ya kimoja pamoja. Wengine hununua shokapu mpya ya usukani, na mtikisiko hupotea miezi michache. Huko ni kufunika kidonda kwa kitambaa safi. Vitafutwe vyuma vinavyocheza, vyote, kwa mikono kama tulivyosema.

Kama gari linatetemeka limesimama, tazama injini na mipira inayoishikilia. Kama linatetemeka dereva anapoongeza mafuta na kutulia anapoachia, mwambie fundi aanze na shafti zinazoyazungusha magurudumu. Na gari lililokaa wiki kadhaa bila kwenda huweza kutikisika kilomita chache za mwanzo, kwa sababu tairi limelala upande mmoja. Tairi likipata joto, hutulia.

Gari likitoka kwa fundi, usilipokee uwanjani. Panda mbele na daftari lako. Mwende barabara ile ile. Mshale ukifika kwenye kilomita ulizoandika mara ya kwanza, mtazame dereva mikono. Andika unachoona, na tarehe. Kisha hesabu kilomita 50, msimame, mkaze nati.